Mapipa Sitini na Matatu

Hakufa mtu siku treni ilipoanguka, na ndiyo maana watu wa Mwangasola hawakuona sababu ya kuogopa.

Ilikuwa Jumanne ya mwisho ya Septemba, saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuchoma. Treni ya mizigo ilikuwa imetoka kituo cha Malampaka ikielekea Mwanza. Ilipofika kwenye daraja dogo la mto Nyankolo, gurudumu la behewa moja likapasuka na mabehewa matano yakaacha reli. Manne yalibeba saruji. La tano lilibingirika mpaka mchangani, likapasuka ubavu, na kutoka ndani yake yakamwagika mapipa ya plastiki ya bluu, makubwa, mapya, yenye mifuniko ya kubana.

Kiangazi mto Nyankolo hauna maji ya kuonekana. Wanawake hufukua mchanga kwa bakuli mpaka kina cha kiuno, kisha hukaa pembeni kungoja maji yajikusanye, ndoo moja kwa saa nzima. Mahali kama hapo pipa jipya haliachwi lilale juani. Kabla polisi hawajafika kutoka Maswa, watu walikuwa wameshafungua mifuniko, wamemwaga mchangani kile kimiminika cha manjano kilichonuka kama kitunguu saumu kilichooza, na mapipa yameondoka vichwani, kwenye baiskeli na kwenye mikokoteni ya ng'ombe. Jioni ile wengi waliumwa kichwa na wengine wakatapika. Walisema ni jua.

Nyanjige hakuwepo. Siku hiyo alikuwa kitongoji cha mbali akichanja watoto. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya Mwangasola kwa mwaka wa kumi na nne, na tangu tabibu aende masomoni alikuwa peke yake pale, na funguo zote kiunoni. Mumewe alifundisha shule huko Nassa, akirudi mwisho wa mwezi. Nyumbani aliishi na watoto wawili na mama mkwe wake, Ng'washi. Aliporudi jioni alikuta pipa la bluu limesimama chini ya upenu, limejaa maji.

“Zawadi ya treni,” Ng'washi alimwambia, akicheka.

Nyanjige alikuwa na kiu ya safari. Alichota kikombe, akanywa, akamshukuru.

*

Alhamisi asubuhi, Mboje alifika zahanati kwa bodaboda, amempakata ndugu yake Maganga katikati kama gunia. Mboje alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, mtu mrefu asiyepaza sauti kwa sababu hakuwa na haja. Siku hiyo alipaza.

“Nesi! Nesi, njoo haraka!”

Maganga alikuwa amelowa jasho kama aliyetoka mtoni. Mate yalimtiririka bila kukoma, misuli ya mashavu na mapaja ilimruka yenyewe, na kifua kilitoa sauti ya chungu kinachochemka. Nyanjige alimfungua kope. Viini vya macho vilikuwa vimesinyaa hadi ukubwa wa punje ya ulezi.

Macho yale aliyajua. Kila msimu wa kupulizia pamba lazima amwone mkulima mmoja au wawili wenye macho hayo, waliopulizia kwa kuelekea upepo. Lakini huu ulikuwa Septemba. Pamba ilishavunwa, ikauzwa, na mashina yake yakachomwa.

“Amepulizia nini?”

“Hajapulizia kitu. Alikuwa anapasua pipa kwa shoka tangu jana. Alitaka birika la kunyweshea ndama.”

Kabatini kulikuwa na vichupa vinne vya atropini, dawa ya kupoza sumu ya pamba. Alimdunga viwili, akamgeuza ubavu, akamfuta mate, akampigia simu dereva wa gari la wagonjwa. Gari lilikuwa njiani Maganga alipokata roho, saa tano kasoro.

Mboje akamfumba ndugu yake macho kwa kiganja chake.

Gari lilipofika halikurudi tupu. Mwanamke jirani aitwaye Sayi aliingia anakimbia na binti yake mgongoni, Lucy wa miaka sita, anayetoa mate na kutetemeka. Macho yalikuwa yale yale. Nyanjige alitumia vichupa viwili vilivyobaki, akampandisha mtoto na mama yake garini, na kabla mlango haujafungwa akauliza swali moja.

“Sayi, mnakunywa maji gani?”

“Ya mtoni, kama siku zote. Tunaweka kwenye pipa.”

Gari likaondoka na vumbi lake. Nyanjige alibaki amesimama, mikono inanuka kitunguu saumu. Aliosha mara tatu kwa sabuni, na alipokuwa akiosha mara ya tatu alikumbuka kikombe alichokunywa Jumanne, na uji wa watoto wa asubuhi ile.

Alifunga zahanati, akaenda nyumbani akitembea upesi kuliko mtu mzima anavyotakiwa kutembea njiani.

*

Ng'washi alikuwa uani akikata viazi vitamu vya kuanika michembe.

“Mwadila, mama,” alimsalimia.

“Mwadila. Mbona mapema?”

Nyanjige aliwaita watoto barazani, akawasimamisha kivulini mmoja mmoja na kuwaangalia macho. Viini vilikuwa vipana, vyeusi, vikimtazama kwa mshangao. Akawashika mikono, haikutetemeka. Hapo tu ndipo alipovuta pumzi.

“Mama, maji ya pipa hili hatunywi tena.”

“Nimelisugua kwa majivu mara tatu,” Ng'washi alisema. “Ya nne nikatumia mchanga. Nusa mwenyewe.”

“Maganga amekufa.”

Kisu kilisimama katikati ya kiazi.

“Maganga ndugu yake Mboje?”

“Huyo. Alikuwa anapasua pipa kama hili. Na binti wa Sayi wamempeleka hospitali Maswa.”

Ng'washi aliweka kisu chini. “Maganga ana watu waliomchukia tangu ule ugomvi wa malisho. Usiharakishe kusingizia pipa.”

“Lilikuwa na karatasi? Karatasi yoyote imebandikwa?”

“Ipo. Nimezibia tundu kwenye banda la kuku.”

Nyanjige aliichomoa. Ilikuwa ngumu na yenye kung'aa, imechanika pembe moja. Juu kulikuwa na jina refu la Kiingereza, tarakimu nne ndani ya kibao cha rangi ya chungwa, na fuvu la kichwa juu ya mifupa miwili.

“Mama, fuvu hili hukuliona?”

“Nililiona.” Sauti ya Ng'washi haikuwa na ubishi, ilikuwa ya mtu anayeeleza jambo la kila siku. “Chupa za sumu ya pamba zote zina fuvu, na ndizo tunazowekea mafuta ya taa. Nalima pamba tangu kabla hujazaliwa, Nyanjige. Fuvu nimeliona mpaka macho yamelizoea.”

Maneno hayo yalimwingia kuliko angetukanwa. Alikuwa ametoa somo la afya kila mwezi kwa miaka kumi na nne, kuhusu mbu, vyoo na lishe. Chupa za sumu hakuwahi kuzitaja hata siku moja, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na moja jikoni.

Hakuyamwaga yale maji. Alibana mfuniko, akauzungushia kamba, na ubavuni akaandika kwa mkaa neno moja: SUMU. Kisha akajaza chupa mbili, moja maji ya pipa na moja maji ya kisima cha mchangani, akazifunga ndani ya mifuko mitatu ya plastiki. Kesho yake alfajiri alipanda basi la Bariadi.

*

Daktari Januarius alikuwa amesoma naye sekondari. Sasa alisimamia magonjwa ya dharura ngazi ya mkoa, ofisi ndogo yenye feni isiyozunguka. Alisoma ile karatasi, akaisoma tena, akaitandika mezani kwa uangalifu kama kitu kinachoweza kuuma.

“Hii haiuzwi dukani,” alisema. “Sumu ya pamba unayoijua wewe imechanganywa na kuzimuliwa tayari. Hii ni ile mama yake. Ilikuwa inakwenda kiwandani. Ndoo moja ya hii inatoa dawa ya kijiji kizima kwa msimu mzima.”

“Wameimwaga mchangani, hatua arobaini kutoka visimani.”

Januarius alivua miwani. “Mapipa mangapi?”

“Sijui bado.”

Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Chupa zile alizituma maabara Mwanza kwa gari la mchana. Alimpa boksi zima la atropini, akapiga simu Maswa timu ya afya na mazingira ije Jumatatu. Lakini majibu ya maabara, alisema, hayangepungua siku kumi, na barua ya kufunga visima hutoka baada ya majibu.

“Nikisubiri siku kumi nitazika watu.”

“Basi usisubiri. Funga leo. Ripoti ya dharura naiandika sasa hivi, na mtu akikuuliza kwa amri ya nani, nitaje mimi.” Alichungulia dirishani, mawingu mepesi yalikuwa yamelala upande wa ziwa. “Tena kuna la mvua. Chini ya hapo kuna nini?”

“Kuna lambo. Kilomita mbili. Ng'ombe wote wa Mwangasola hunywa pale, na masika hata sisi.”

“Mvua ikinyesha mchanga ule haujaondolewa, yote itateremka lamboni.”

Wakati wa kurudi alishuka Malampaka. Karani wa stesheni, mama mmoja aitwaye Wilhelmina, alikuwa ameshasikia habari za Maganga. Alimfungulia faili la hati ya mzigo bila kungoja kubembelezwa. Mapipa sabini yalipakiwa. Saba yalipatikana yamepasuka pale darajani.

“Sitini na matatu yako kwenu,” Wilhelmina alisema. “Mungu awasaidie.”

*

Jumamosi asubuhi Nyanjige alipita kwa Mboje kabla ya kwenda popote. Watu wa matanga walikuwa wamekaa uani kimya. Mboje alimpokea na kigoda, akamwita mayu, yaani mama, lakini neno la pipa hakutaka kulisikia.

“Ndugu yangu kaliwa na mtu, mayu. Jana usiku ndama wake wanne wameanguka zizini. Ndama hawakushika shoka. Nimeshatuma kwa mganga ajue ni mkono wa nani.”

“Ndama walinywea wapi?”

“Kwenye lile birika. Mtoto wake alishalijaza.”

Alisema mwenyewe, kisha akageuka kuangalia zizi. Nyanjige hakumsukuma. Alingoja mpaka wanawake walipomaliza kugawa uji.

“Baba, wewe ndiye uliyemfumba macho. Viini vyake ulivionaje?”

Mboje alitazama ardhi. “Vidogo. Kama punje ya ulezi.”

“Binti wa Sayi anayo macho hayo hayo, na yuko hai. Hakugombana na mtu juu ya malisho. Ana miaka sita.”

Nyanjige akaaga na kuondoka. Saa nne kulikuwa na mkutano, na hakujua kama angemwona huko.

Mkutano ulikuwa ghalani, kwenye ghala la pamba la chama cha msingi, tupu baada ya msimu. Kampuni yenye mzigo ilikuwa imemtuma afisa wake, Deogratias, kijana aliyevaa fulana inayong'aa, mwenye salamu nzuri. Nyuma yake kulikuwa na magunia ya unga na katoni za sabuni, na mezani rundo la fomu. Alieleza kuwa kampuni imesikitika, kwamba kilichomwagika ni malighafi ya sabuni isiyo na madhara makubwa, na kwamba kila kaya itapata gunia na katoni baada ya kuweka dole gumba kwenye fomu.

“Fomu inasemaje?” Nyanjige aliuliza kutoka katikati ya watu.

“Ni utaratibu tu, mama. Kwamba mmepokea.”

“Isome yote.”

Deogratias alisita. Mtendaji wa kijiji akaichukua, akaisoma kwa sauti. Mstari wa mwisho ulisema kaya husika haitakuwa na dai lolote, la sasa wala la baadaye. Mnong'ono ukapita ghalani.

Nyanjige alipita mbele na ile karatasi ya banda la kuku. “Hii ilibandikwa kwenye pipa. Nisomee jina lililoandikwa hapa, kisha utuambie ni sabuni gani inatengenezwa nalo.”

“Hayo ni mambo ya kitaalamu, mama.”

“Mtaalamu wa mkoa ameshanisomea jana. Ni sumu ya kuulia wadudu ambayo haijazimuliwa.” Aliwageukia watu. “Mnaijua. Ni ile ile ya shambani kwenu, ila hii ni mara mia.”

“Kuna mtu ameshakufa,” mzee mmoja alisema.

Hapo Deogratias alifanya kosa. Aliinua mikono kwa upole na kusema, “Kuhusu marehemu, tumeuliza. Tunasikia alikuwa mpenzi wa gongo.”

Mboje alikuwa amesimama mlangoni muda wote, hakuna aliyemwona akiingia. Alivua kofia. Watu wakampisha.

“Ndugu yangu aliacha pombe siku alipobatizwa mtoto wake wa kwanza,” alisema taratibu. “Ni miaka kumi na tisa. Hata ya arusi alikuwa haonji. Wewe unakuja kumlevya kaburini?”

Mboje alimgeukia Nyanjige.

“Nesi, sema unataka nini.”

“Mapipa yote sitini na matatu. Na visima vifungwe leo.”

“Visima vitafungwa kabla jua halijageuka. Mapipa ni kesho.”

Hakuna aliyeweka dole gumba siku ile. Magunia yalirudi na gari lililoyaleta.

*

Jumapili baada ya ibada mwano ulipigwa. Ule ni ukelele wa sungusungu, wa wizi wa ng'ombe na wa moto, na anayeusikia huacha alichoshika. Watu walipokusanyika na marungu wakauliza mwizi yuko wapi, Mboje aliwaambia mwizi yuko majumbani mwao, chini ya upenu, ana rangi ya bluu.

Wengi waliogopa kuitwa wezi wa mali ya treni. Nyanjige alikuwa ameshaongea na mtendaji na polisi: hakuna jina litakaloandikwa. Pipa linaletwa, linawekwa, mwenyewe anaondoka. Hata hivyo hakuna aliyesogea. Watu walitazama miguu yao.

Ndipo Ng'washi alipotokea barabarani akivuta kamba. Nyuma yake, juu ya mkokoteni wa punda wa jirani, lilisimama pipa lake lenye maandishi ya mkaa. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani.

“Hili ni langu,” alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. “Nimewanywesha wajukuu zangu sumu siku mbili kwa mkono wangu. Mungu ameninusuru. Nani mwingine anataka kungoja aone kama naye atanusuriwa?”

Nyanjige hakuwa amemwomba. Alishika upande wa pili wa pipa wakalishusha pamoja, mikono yao imevikwa mifuko ya plastiki.

Mpaka jioni yalifika arobaini na manane. Yalipangwa ndani ya ghala, mlango ukafungwa kwa minyororo, sungusungu wawili wakakaa nje. Jumatatu timu kutoka Maswa ilichukua vipimo vya visima vyote, mchanga na pampu, ikawapa watu glavu na barakoa, wakapita nyumba kwa nyumba. Yalitoka mengine kumi na moja. Moja lilikuwa limezikwa nusu shambani na bibi aliyeona haya kulileta. Jingine lilikuwa na mahindi ya mbegu, na mwenye nayo alilia yalipochukuliwa.

Visima vilikuwa jambo gumu zaidi. Vilizungushiwa miiba, na maji safi ya karibu yakawa pampu ya upande wa stesheni, mwendo wa saa nzima na ndoo kichwani. Siku ya tatu Nyanjige alikuta miiba imevutwa, na mtu ameinama ndani ya kisima. Alikuwa Sayi, amerudi kutoka hospitali kuangalia watoto wake wengine watatu.

“Usinisemeshe,” Sayi alisema bila kuinuka. “Najua. Namjua kuliko wewe yule aliyelala kule na mipira puani. Lakini hawa watatu hawajanywa tangu jana, na mimi nimetembea kwa miguu kutoka barabara kuu. Kiu haisubiri maabara.”

Nyanjige alikaa chini mchangani karibu naye. Ndoo yake mwenyewe ilikuwa imejaa. Alikuwa ametoka pampuni. Akaisogeza.

“Chukua hii. Kesho nitakuletea nyingine.”

“Na keshokutwa?”

Sayi alilia kidogo, akamwaga alichokifukua, akarudisha miiba kwa mikono yake. Nyanjige alipanda kilima mahali simu inaposhika, akampigia Januarius mara nne mpaka akapokea. Alimwambia kuwa kijiji kimetii bila barua, na sasa kinakufa kiu kwa utii wake. Siku ya pili yake mchana boza la maji liliingia Mwangasola, la kwanza kati ya mengi, na gharama ya kulileta alibebeshwa mwenye mzigo.

*

Mapipa manne yalikuwa hayajaonekana. Matatu yalipatikana kwenye kambi ya wachoma mkaa. Habari za la nne zilielekeza Kasoli: mfanyabiashara wa pamba alikuwa amelinunua njiani na kwenda kuliuza huko. Nyanjige alikodi bodaboda, akafika kule amegeuka rangi ya vumbi, na kuanza kuuliza duka kwa duka. Alilikuta nyumbani kwa mwanamke mmoja aitwaye Flora. Lilikuwa limejaa togwa. Wanawake walikuwa wakichambua mchele wa arusi uani.

“Kesho natoa binti yangu,” Flora alisema baada ya kumsikiliza. “Wageni mia mbili. Unataka nimwage togwa yote kwa sababu ya maneno ya mtu nisiyemjua?”

“Nataka uifunge na unipe.”

“Na ukiwa umekosea?”

“Nikiwa nimekosea utanilaani maisha yako yote, nami nitastahili. Nisipokosea, wageni mia mbili watarudi makwao wakiwa hai.” Alimwonyesha picha ya Lucy kwenye simu, aliyotumiwa na wauguzi wa Maswa. “Huyu alikunywa maji ya pipa kama hili.”

Flora aliitazama picha. Akamwita dada yake, wakanong'onezana, kisha akapiga makofi kuwakusanya wanawake.

“Sageni ulezi upya,” alisema. “Tunaanza tena. Na asiyetaka kunywa togwa changa kesho atakunywa chai.”

Siku ya kumi na moja majibu yalifika. Visima viwili kati ya vitano vilikuwa na sumu, na mchanga chini ya daraja ulikuwa umelowana nayo kwa kina cha mtu mzima. Maji ya pampu yalikuwa safi. Kampuni iliamriwa kuufukua mchanga wote na kuuondoa. Eskaveta lilifika baada ya siku nyingine tano, na malori mawili, na Deogratias akiwa mbele akiongoza. Hakumtazama Nyanjige usoni, lakini kila jioni alimletea hesabu ya malori yaliyoondoka, bila kuombwa.

Robo ya mchanga ilikuwa bado chini mvua ilipokuja, mapema, tarehe ishirini na tatu Oktoba. Ilianza mchana, matone mazito. Mboje alipiga mwano kwa mara ya pili. Walikuja na majembe na viroba vya pamba, wanaume kwa wanawake, wakajaza udongo mweusi wa mbuga na kuupanga kuziba mto chini ya daraja. Nyanjige alikuwa kwenye mstari, akipokea kiroba na kukipitisha, kiroba na kukipitisha, Sayi upande wake wa kushoto na Ng'washi, aliyekatazwa kuja, upande wa kulia. Aliyegusa maji alitolewa mstarini papo hapo kwenda kuoshwa. Tuta lilishika kwa saa mbili. Kisha pembe moja ikamomonyoka, na maji ya rangi ya chai yakapenya kuelekea lamboni.

Watu walisimama wakiyatazama. Mtu mmoja akatupa jembe chini.

“Liokote,” Mboje alimwambia. “Yaliyopita ni kidogo kuliko yaliyobaki.”

Wakaziba ile pembe. Tuta likashika mpaka mvua ilipokatika.

Kesho yake kambare walielea lamboni, weupe tumbo juu. Hakuna aliyewaokota. Sungusungu walikuwa wamekaa pande zote nne tangu alfajiri, na kwa wiki tano ng'ombe wa Mwangasola walisukumwa mbali kunyweshwa. Wawili wa mzee mmoja mkaidi walipenya, wakafa. Kipimo cha tatu cha lambo kilipotoka safi, Nyanjige hakukubali. Alidai cha nne, akakingoja, na ndipo akaruhusu ng'ombe warudi lamboni.

Mapipa yaliyopatikana ni sitini na mawili. Kulikuwa na kosa kwenye hesabu ya kambi ya mkaa, yalikuwa mawili wala si matatu, na la mwisho halikuonekana. Bado anauliza kila aendapo kuchanja.

Lucy alirudi nyumbani, anatembea, anacheka, lakini mkono wake wa kulia hutetemeka akishika penseli. Daktari Januarius alisema huenda utapona, huenda hautapona. Kitakachojulikana kitajulikana kwa kufuatilia. Basi Nyanjige alifungua daftari jipya la zahanati, akaandika majina ya watu mia mbili na kumi na wanne, wote waliogusa mapipa au kunywa maji yale, akaanza na lake mwenyewe. Kila baada ya miezi mitatu wapimwe damu, macho na mikono. Kampuni ililipinga sharti hilo mara mbili kwa barua, na mara mbili alikwenda Bariadi kulisimamia, mara ya pili akiwa na Mboje, Sayi, na mwanasheria wa mkoa. Ya tatu hawakuandika.

Siku ya kwanza ya kupima ilikuwa Desemba, mahindi yakiwa magotini. Alipofika zahanati saa moja asubuhi alimkuta Mboje amekaa kwenye benchi, wa kwanza, ameshakunja mkono wa shati.

“Mwangaluka, mayu,” alimsalimia.

“Mwangaluka, baba. Umewahi.”

“Nikiwahi mimi, hawatakuwa na sababu ya kuchelewa.” Alitazama sindano, akatazama pembeni. “Hivi tutakuja hapa mpaka lini?”

“Miaka mitano.”

Mboje alihesabu kitu kichwani. Nje, sauti za watu zilikuwa zinakaribia barabarani, na sauti ya Ng'washi ikiwazidi zote, akiwahimiza.

“Haya,” alisema, akanyoosha mkono. “Andika jina.”